Nne Iliyogeuka Tisa Sokoni Mawaleh

Kabla sijakuhadithieni namna nne ilivyogeuka tisa, jueni kwanza mnasoma maneno ya nani, maana jambo lenyewe litakuchanganyeni na mtataka kujua kama msemaji ana akili timamu.

Mie Seif. Nilitoka Unguja na umri wa miaka kumi na tisa, sanduku moja, na Kiarabu kilichowachekesha madereva wa teksi wa Maskati mpaka wakapitiliza njia. Wazee wangu asili yao huku. Wao walikwenda Unguja, mie nikarudi. Sikurudi kwa mjomba waziri wala shemeji mkurugenzi. Nilirudi na kichwa changu. Mchana niliuza vipuri vya mafriji, jioni nikasoma, nikapata diploma ya elektroniki. Diploma moja tu, na mpaka leo imo ukutani kwangu Azaiba ndani ya fremu ya mninga. Wenye digrii wamepita chini ya mkono wangu, na wengine niliwafundisha mie kushika chuma cha kulehemu upande usiounguza.

Basi nyinyi vijana mliokalia viti vyetu, mkisikia nasema "nilichanganyikiwa", msidhani ni mtu wa kuchanganyikiwa ovyo.

Kazi yetu ilikuwa paneli za kuendeshea vyumba vya baridi. Paneli ni kile kisanduku cha ukutani chenye skrini ndogo na vitufe viwili, cha kupandisha na cha kushusha, ambacho ndani yake mna kompyuta inayowasha na kuzima feni. Leo mnanunua kila kitu kimekwisha kuiva. Sisi tulikuwa na lugha yetu wenyewe ya kuandikia programu, lugha ndogo ya maneno thelathini na kitu, na kompaila yetu wenyewe ya kuigeuza kuwa amri za mashine. Kompaila ile aliiandika Bi Zuwena, na mie nikairithi.

Kompaila haitoki kwenye maneno ya mtu ikaruka moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Hupita kituo cha katikati. Hapo programu huandikwa upya kwa vijistari vifupi, kila kimoja na jambo lake moja: chukua hiki, jumlisha na kile, weka hapa. Huo ndio msimbo wa kati. Ndani ya vijistari hivyo mna vigeu, yaani vitu vinavyobadilika, kama joto la chumba. Hivyo havijanisumbua maishani, kwa sababu kila mtu anatarajia vibadilike. Zilizonitoa jasho ni thabiti. Nne. Kumi na tatu. Sifuri. Namba ambazo mtu kaziandika kwa mkono wake na ambazo hazina ruhusa ya kubadilika mpaka Kiyama. Utadhani hakuna kitu chepesi kuliko kuiweka nne. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Bi Zuwena alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni, na hakusoma programu kwenye skrini hata siku moja. Alizichapa karatasini, akakaa nazo na penseli na kisahani cha halwa, akala na kusoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Siku zangu za mwanzo aliniita mezani kwake.

"Seif, hii nne yako ni nne gani?"

"Nne, Bi Zuwena. Nne ni nne."

"Nzima, au ya desimali?"

"Si thamani yake moja?"

"Thamani moja, umbo mbalimbali. Hii nzima mashine inaiandika hivi, hii ya desimali inaiandika vile. Wewe umeona zinalingana, umezilaza kitanda kimoja. Sasa friji la samaki limeambiwa likae nyuzi nne, linasoma karibu na sifuri, feni hazipumziki. Samaki wamekuwa mawe. Diploma yako inasemaje?"

Tangu siku hiyo, kila thabiti niliyoiandika kwenye msimbo wa kati ilibeba vitu viwili: thamani yake na aina yake. Mkisahau mengine yote humu, hilo lishikeni. Nne bila ya aina yake ni uvumi tu.

Alipostaafu, Bi Zuwena aliniachia kompaila na mafungu ya karatasi zilizojaa penseli. Na mie, nani asiyejua tabia yangu, nikaanza kuitengeneza zaidi. Kumbukumbu ya paneli zetu ilikuwa ndogo, nafasi ya kuweka vitu haizidi kiganja, na kila mteja anataka nyongeza. Siku moja nikachapa msimbo wa kati wa programu kubwa, nikahesabu: nne imeandikwa mahali thelathini na moja, na kila mahali ina kijisanduku chake. Thelathini na moja! Kwani ziko nne ngapi duniani?

Nikajenga ghala. Kila thabiti iwekwe ghalani mara moja tu, na kila anayeitaka aonyeshwe ilipo. Nne moja, kumi na tatu moja, sifuri moja. Nikakuta pia kwamba kila thabiti ikipelekwa kwenye kipande kingine cha programu, kompaila ya Bi Zuwena huichukua nakala kwanza, ndipo ikaipeleka nakala. Nikaona huo ni ubadhirifu wa nafasi. Nikaufuta. Pembeni ya mistari ile alikuwa ameandika maneno matatu: "Thabiti haina anwani." Anwani ndiyo namba ya mahali kitu kilipowekwa kwenye kumbukumbu ya mashine, na ghala langu zima lilikuwa ni la kutoa anwani. Nikafikiri, Bi Zuwena kachoka, anaandika hekima. Nikayafuta na maneno.

Programu zikapungua robo nzima. Nikaleta halwa ofisini, nikawaambia wenye digrii waje waone.

Wiki tatu baadaye nikaliweka toleo jipya Mawaleh, siku hizo soko kuu la matunda na mboga likiwa bado huko. Mteja wetu alikuwa Humaid, mfanyabiashara mwenye vyumba vitatu vya baridi nyuma ya soko. Cha kwanza matufaha, nyuzi nne. Cha pili mboga za majani, nyuzi nne. Cha tatu ndizi, nyuzi kumi na tatu, na feni zake zinapumzika dakika nne kila zikizunguka. Paneli moja inaendesha vyote. Humaid ni Mmanga, Mwarabu wa huku huku, wa pwani, lakini mama yake kazaliwa Pemba, kwa hivyo Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama, kitamu na kina mashimo.

Mwangalizi wa vyumba alikuwa Neema, mwanamke wa Dodoma. Alianza kwa kazi za nyumbani kwa mama yake Humaid, bibi akafariki, Humaid akamhamishia sokoni afagie na kuziangalia paneli. Viza yake ilikuwa mkononi mwa Humaid. Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi kule kwao, na Neema alikuwa akisema neno "mwaka wa mwisho" kama wengine wanavyosema "inshallah".

Jumapili moja nikapigiwa simu. Mboga za chumba cha pili zimelegea kama matambara. Nikaenda. Skrini inasema wazi: chumba cha pili, nyuzi tisa.

"Nani kaweka tisa?" nikauliza.

"Neema," akasema Humaid. "Mie nimemwambia weka tisa chumba cha kwanza, nimeingiza matango, matango hayataki baridi kali. Yeye kaweka tisa kila mahali."

"Si kweli, bosi," akasema Neema. "Nimebonyeza cha kwanza tu. Mara tano. Nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Cha pili sijakigusa."

Mie nikafanya kile ambacho fundi yeyote anakifanya kabla hajafikiri: nikazima paneli, nikaiwasha. Ikaamka na nyuzi nne vyumba viwili na kumi na tatu chumba cha ndizi, safi kama asubuhi ya Idi. Nikaijaribu saa nzima. Nzima. Nikaandika ripoti, mistari miwili kwa Kiarabu: mashine haina hitilafu, kosa la mtumiaji. Nikatia sahihi yangu, ile ndefu, yenye mkia. Neema akanitazama nikitia. Akarudi chumba cha kwanza, maana matango yalikuwa yanangoja, akabonyeza tena mara tano.

Jumanne simu tena. Sasa mboga, na juu yake ndizi. Feni za chumba cha tatu zilikuwa zikilala muda mrefu, chumba kikapata joto, na ndizi zilizotakiwa kukaa kijani siku kumi zilikuwa njano zina madoa. Humaid alinipokea mlangoni.

"Khalas, Seif. Nimekata tiketi yake. Alkhamisi anaenda kwao. Karatasi yako ninayo."

Niliingia ndani nimekwisha kuinyoosha mikono niizime paneli. Neema akasimama mbele ya kisanduku.

"Kaka Seif, usizime."

"Nipishe nifanye kazi."

"Kila ukija unazima, ukizima inapona, ikipona mimi ndiyo nakuwa mwongo. Leo usizime. Iangalie inavyoumwa." Akatoa kidaftari mfukoni mwa aproni. "Na hii karatasi yako ndiyo inayonirudisha Dodoma, kwa hiyo leo utanisikiliza. Juzi kabla sijabonyeza, feni za ndizi zilikuwa zinapumzika dakika nne. Nimepima na simu. Nilipobonyeza matango kufika sita, zikapumzika dakika sita. Nilipofika tisa, tisa. Mimi nimebonyeza chumba cha matango, kaka. Feni za ndizi zimejuaje?"

Nikamwambia haiwezekani. Feni za ndizi hazina uhusiano wowote na matango. Dakika si nyuzi. Nikamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu asiye na diploma.

"Sawa," akasema. "Pima."

Tukapima. Tukasimama chumba cha ndizi na simu yake mkononi. Dakika ya nne ikapita. Ya tano. Ya sita. Nilikuwa na kanzu nyepesi na nikaanza kuona baridi, au sijui ilikuwa nini. Ya saba. Ya nane. Kwenye dakika ya tisa feni zikanguruma.

Nikarudi kwenye paneli, nikafungua laptopu, nikaiunga nayo bila ya kuizima. Lugha yetu ilikuwa na uzuri mmoja: unaweza kuandika mstari mmoja ukatafsiriwa papo hapo na kuendeshwa ndani ya paneli inayofanya kazi, kwa ghala lile lile la thabiti. Nikaandika: onyesha 3. Ikaonyesha 3. Onyesha 5. Ikaonyesha 5. Nikapumua. Onyesha 4.

Ikaonyesha 9.

Nikafikiri kidole kimeteleza. Nikaandika tena. Tisa. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Nikaandika: onyesha 2 + 2.

Tisa.

"Mbili na mbili ni tisa?" akauliza Neema nyuma ya bega langu.

"Nyamaza kidogo."

Nikaandika 5 kutoa 1. Tisa. Nikaandika 1 na 3. Tisa. Basi nikaandika 9 kutoa 4, nikitarajia sifuri, maana kama nne imekuwa tisa, tisa kutoa tisa ni sifuri. Ikaonyesha 5. Hesabu sahihi! Wanangu, hapo ndipo nilipokaa chini, juu ya kreti la matango. Mashine inajua kutoa nne, lakini haijui nne ni ngapi. Nilisoma hesabu chini ya mwalimu mwenye fimbo, na katika mambo machache niliyokuwa na hakika nayo tangu utoto, moja lilikuwa hilo. Nikawa navihesabu vidole vyangu. Kweli, kwa muda nilikuwa sijui nianze kushuku kitu gani: paneli, laptopu, macho, au namba yenyewe.

Nikampigia simu Bi Zuwena nyumbani kwake.

"Bi Zuwena, shikamoo. Nna nne hapa imekuwa tisa."

"Marahaba. Umekula?"

"Nne, Bi Zuwena! Mbili na mbili inatoa tisa. Lakini tisa kutoa nne inatoa tano!"

Nikasikia kijiko kikigonga kisahani.

"Mbili na mbili nani anaijumlisha? Paneli, au kompaila?"

"Kompaila. Ikiona thabiti mbili zinajumlishwa, inazijumlisha yenyewe mapema kwenye msimbo wa kati, inaandika jibu tu."

"Basi imejumlisha sawa, ikapata nne. Halafu ikaandika nini?"

"Ikaandika... nenda ghalani, chukua nne."

"Na tisa kutoa nne, ikapata tano, ikaenda ghalani kuchukua tano. Tano haijaguswa na mtu. Sasa nijibu, Seif. Nne yako inakaa wapi?"

"Ghalani. Moja tu. Nimeokoa robo ya—"

"Sijauliza umeokoa nini. Ina anwani?"

"Inayo."

"Nani anapewa anwani hiyo?"

Nilikuwa nikiuona mstari wenyewe kichwani. Kipande cha programu kinachoshika baridi ya chumba kinapokea namba yake kwa anwani, na kitufe cha kupandisha kikibonyezwa, kinaongeza moja pale pale anwani ilipo. Zamani anwani ile ilikuwa ya nakala. Kila chumba na nakala yake. Neema akibonyeza, inapanda nakala ya matango peke yake. Mie nimefuta nakala. Neema akibonyeza, inapanda nne yenyewe, ile moja tuliyokuwa nayo, na kila aliyekuwa akiitegemea nne anapata tisa: mboga, feni, na mjinga mmoja mwenye laptopu. Ukizima paneli, ghala linajazwa upya kutoka kwenye chipu, nne inakuwa nne, na fundi anatia sahihi yenye mkia.

"Nilikuandikia," akasema Bi Zuwena.

"Nilifikiri ni hekima tu."

"Nilikuwa nafanya kazi, Seif. Hekima ya kuandika pembeni ningeipatia wapi wakati?" Akakata simu.

Sasa nitakwambieni jambo ambalo sijawahi kulisema ofisini. Nilifunga laptopu, nikaiangalia ile swichi. Ningeweza kuizima. Ningeweza kurudi Azaiba, nikarudisha nakala zile, wiki ijayo nikaleta "toleo bora zaidi", na hakuna roho ingejua. Wenye digrii wasingejua. Humaid asingejua. Neema angekuwa Dodoma. Nilisimama pale nikifikiri juu ya halwa niliyoileta ofisini, nani alikula, alisema nini. Nilikuwa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilipoiona tisa, kwa sababu sasa nilikuwa nimeelewa.

"Umeona nini?" akauliza Neema.

"Nimeona."

"Ni mimi?"

"Si wewe."

Hakushangilia. Alikunja kidaftari akakirudisha mfukoni. "Basi twende ukamwambie."

Humaid alikuwa ofisini kwake na wageni wawili, wauza vitunguu, wamekaa chini kwenye zulia na birika la kahawa. Mnajua kahawa ya Kimanga inavyonywewa: mwenyeji anashika birika mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, na finjani moja inazunguka. Anakunywa huyu, inasuuzwa kidogo kwenye bakuli la maji, anamiminiwa yule. Nikakaa. Nikamwambia kosa ni letu. Nikaanza habari ya anwani, ghala, nakala.

"Seif, wallahi sifahamu," akasema Humaid. "Karatasi yako inasema mtumiaji. Mtumiaji ni nani? Yeye. Kitufe kabonyeza nani? Yeye."

"Kabonyeza, lakini kabonyeza pale ulipomwambia."

"Na mboga kaziharibu nani?"

Nikaona maneno hayafiki. Pembeni ya tende palikuwa na kibakuli cha asali. Zamu yangu ya finjani ilipofika, nikachota kijiko cha asali, nikatia ndani, nikakoroga, nikanywa nusu. Nikairudisha bila ya kuisuuza. "Jimiminie na wewe," nikamwambia.

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeharibikiwa akili, lakini akajimiminia. Akanywa, akakunja uso.

"Ewe! Tamu! Nani katia asali?"

"Mie. Nilitaka kahawa yangu iwe tamu. Nimekosa?"

"Yako, sawa. Lakini finjani si ndiyo hiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Neema alitia asali kwenye matango, kwa amri yako. Hakujua kwamba mboga na ndizi zinanywa finjani hiyo hiyo. Zamani kila chumba kilikuwa na finjani yake. Mwenye kuziondoa akaacha moja ni mie. Nilisifiwa kwa hilo."

Wauza vitunguu wakacheka. Mmoja akasema kwa Kiarabu kwamba huyu Mzinjibari ametoka mbali kuja kujishtaki. Humaid hakucheka. Aliigeuza finjani mkononi.

"Lakini sie finjani moja siku zote," akasema.

"Kwa kahawa sawa. Kwa sababu hakuna anayetia kitu. Ghala langu nalo lingekuwa sawa, kama ningelifunga mtu asitie kitu."

"Na karatasi?"

"Nipe."

Akaitoa kwenye mtoto wa meza. Nikaikata mstari, na chini yake nikaandika kwa Kiarabu: kosa la mtengenezaji, Seif, mwangalizi hana lawama. Nikataka kutia sahihi.

"Andika na Kiswahili," akasema Neema. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Ile ya kwanza uliandika sikuielewa. Hii nataka niisome mwenyewe."

Nikaandika na Kiswahili. Akaisoma mara mbili, akapiga picha kwa simu, akampa Humaid. Humaid akaangalia karatasi, akamwangalia Neema, akasema, "Tiketi nitaifuta. Nenda kaangalie matango." Hakuomba radhi. Na mie, nikikumbuka vizuri, sikuiomba hapo pia.

Jumatano nilikaa ofisini na msimbo wa kati uliochapwa karatasini, penseli mkononi, na nikaisoma kila nne. Nisikilizeni hapa, maana hii ndiyo kazi. Thabiti ndogo niliziandika ndani ya amri yenyewe, kama sehemu ya sentensi, hazina mahali pa kukaa kwa hivyo hakuna wa kuzigusa. Kubwa zilibaki ghalani, lakini ghala nikalihamishia kwenye kumbukumbu isiyoandikika, anayejaribu kuandika humo paneli inapiga kelele. Na kila thabiti inayopelekwa kwa kipande kinachoweza kuibadilisha, inachukuliwa nakala kwanza. Mahali palipokuwa hivi:

ita SHIKA_BARIDI, anwani ya nne

pakawa hivi:

nakala1 = 4, aina nzima
ita SHIKA_BARIDI, anwani ya nakala1

Mstari mmoja zaidi. Ule ule wa Bi Zuwena. Programu ikanenepa kidogo, si kama zamani. Zana zenu za leo nazo zina nne moja kwa programu nzima, nimeziangalia, lakini hazimpi mtu anwani yake. Kwa hivyo wazo langu la kuweka nne moja lilikuwa zuri; andikeni hilo pia, msiandike makosa tu. Nikarudisha na maneno yake matatu pembeni, na chini nikatia jina la Bi Zuwena ili mjinga atakayefuata ajue wa kumpigia.

Na msizime kabla ya kutazama. Mashine inayoumwa ina khabari nyingi kuliko iliyopona. Hilo sikulisoma kwenye diploma.

Alkhamisi asubuhi, siku ambayo Neema angekuwa kwenye ndege, nikaenda Mawaleh na toleo jipya. Nikaliweka. Nikaandika mwenyewe mbele yake: onyesha 2 + 2. Nne. Akabonyeza matango mara tano, yakafika tisa. Nikaandika tena: onyesha 4. Nne.

"Basi," nikamwambia. "Imekwisha. Mboga nne, feni dakika nne. Sasa unaweza kuniamini."

"Asante, kaka Seif," akasema. Akatoa simu, akafungua saa ya kupimia, akafungua mlango wa chumba cha ndizi. "Lakini ngoja kwanza nihesabu mwenyewe."

Safari hii nilikuja na koti. Tukasimama katikati ya makreti, mtengenezaji na mwangalizi. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne feni zikanguruma, nami nikageukia mlango.

"Unaenda wapi?" akasema. "Hiyo ni mara moja." Akairudisha saa kwenye sifuri, akangoja zizime, akaanza upya.